Kubadilisha mchanga wa chini kwenye tangi la samaki lililokomaa: filta na uchafu vitenganishe kwanza (kwa wafugaji wa Dar)

Mbuna wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Humu swali hili haliishi: mtu ana tangi la miaka miwili mitatu, samaki wazima, ila amechoka na zile kokoto za bluu zinazobanduka rangi na anataka mchanga. Anajibiwa kwa mstari mmoja, "toa hizo, weka mpya", na siku chache baadaye anarudi kuuliza mbona samaki wote wako juu wanatweta. Nimeona niandike kwa urefu, maana joto letu na maji yetu ya Dar vinabadilisha hesabu. Ushauri ulioandikwa na mtu wa nchi ya baridi unaweza kukuua samaki hata ukiufuata neno kwa neno.

Tuanze na kinachokaa ndani ya tangi lililokomaa. Samaki anatoa amonia, taka yenye sumu, kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza kinatoa amonia pia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wanashika kwenye kitu kigumu chenye maji yanayopita na hewa ya kutosha: sponji ya filta, vioo, mawe, na tabaka la juu la kokoto. Kwa tangi lenye filta nzuri ya sponji au ya kopo (ile inayokaa nje ya tangi na kuvuta maji kwa mirija), sehemu kubwa ya kazi inafanyika humo ndani ya filta.

Chini ya tabaka lile la juu mambo ni tofauti. Kinyesi, mabaki ya chakula na majani yaliyokufa vinashuka katikati ya kokoto na kukaa huko. Kama kokoto ni nene na hazijawahi kunyonywa uchafu kwa mpira wa maji, hewa haifiki, na pale pasipo na hewa bakteria wa aina nyingine wanatengeneza haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Ukiona mabaka meusi ukitazama kupitia kioo cha pembeni, ndiyo hayo. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo, na uchafu unaotimuliwa pamoja nayo unanyonya oksijeni iliyomo majini na kuongeza amonia papo hapo.

Kwa hiyo shauri langu kwa yeyote mwenye tangi la zamani ni moja: uhai umo kwenye filta, sumu imo chini ya kokoto. Hamisha samaki na filta kabla mkono wako haujagusa kokoto hata moja.

Sasa kwa nini Dar ni kali zaidi. Amonia ina sura mbili majini, moja ina sumu kali na nyingine ni nafuu sana, na uwiano wake unategemea joto na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji). Maji ya nyuzi 28, ambayo kwetu ni ya kawaida bila hita yoyote, yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Yakiwa na pH 8 inakaribia asilimia 6 na nusu. Yakifika 8.5 ni kama asilimia 18. Amonia ileile, tangi lilelile! Sasa fikiria yule wa ukanda wa pwani anayetumia maji ya kisima yenye chokaa. Halafu oksijeni: maji ya nyuzi 20 yanabeba takribani miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 28 hayafiki 8. Samaki wetu wanaanza siku wakiwa na akiba ndogo ya hewa, kisha mtu anawatimulia tope.

Namna ninavyofanya mimi.

Mchanga mpya unaandaliwa siku za nyuma, si siku ya kazi. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa sana, ila una udongo na vumbi jingi. Weka nusu ndoo, fungulia maji, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, yasiyo na vumbi. Sabuni isikaribie kabisa. Kiasi kinakadirika: tangi la sentimita 100 kwa 40, ukitaka unene wa sentimita 4, ni lita 16 za mchanga, sawa na kilo 25 hivi. Usizidishe sana hapo. Mchanga laini ukiwa mnene bila kukorogwa unakuzalishia yaleyale mabaka meusi.

Maji ya kujazia nayo yanaandaliwa mapema. Maji ya bomba yanayotoka mitambo ya Ruvu yanawekwa klorini, na klorini inaua bakteria wako na kuchoma mashavu ya samaki. Yaache kwenye pipa wazi na pampu ya hewa kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Na jamani, angalieni simtanki jeusi linalopigwa na jua: maji ya saa nane mchana yanaweza kuwa ya moto kabisa. Chota alfajiri.

Jana yake usiwalishe samaki. Siku ya kazi anza asubuhi ili giza lisikukute katikati. Nyonya maji ya tangi kwa mpira kutoka juu, kabla hujachafua chochote, ujaze pipa au beseni kubwa lisilowahi kushika sabuni. Hamishia humo filta ikiwa inafanya kazi, mawe, mimea, kisha samaki. Funika kwa kipande cha chandarua, kwani samaki aliyeshtuka anaruka. Filta isiachwe kavu na isizimwe: bakteria wake wanahitaji maji yanayopita, na filta ya kopo iliyofungwa na kuzimwa kwa saa kadhaa katika joto hili inaanza kuoza ndani. Na sponji usiioshe siku hiyo. Hata kama inakukera, iache na uchafu wake hadi wiki kadhaa zipite.

Baada ya hapo tangi ni lako. Toa kokoto zote, toa maji yote ya chini yaliyochafuka, suuza, futa. Mawe makubwa yakae moja kwa moja kwenye kioo cha chini kabla ya mchanga, kwa sababu samaki wanaochimba watatoa mchanga chini ya jiwe na jiwe litaanguka. Weka mchanga, weka sahani juu yake, mimina maji polepole juu ya sahani. Rudisha maji ya zamani yaliyo safi, ongeza mapya. Filta kwanza, samaki baadaye, taa zizimwe hadi kesho.

Siku zinazofuata lisha kidogo mno, na pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili. Asiye na kipimo abadilishe robo ya maji kila siku kwa wiki ya kwanza na aangalie mashavu: mekundu kupita kawaida, au samaki kuganda juu karibu na mapovu, ni dalili tosha.

Karibuni kwa maswali na mnaopinga pia.

---

Mama Gapi Mbagala

Asante kaka kwa uzi. Mimi nilielekezwa nitoe robo robo, samaki wakiwa ndani humohumo, wiki hii upande mmoja, wiki ijayo mwingine, ili bakteria wasiondoke kwa mkupuo. Nina gapi na moli tu, samaki wadogo, tangi la lita 60. Hiyo njia ni mbaya?

---

Mbuna wa Tabata

Dada, si mbaya kwa kila tangi. Kama kokoto zako ni nyembamba, sentimita mbili tatu, na huwa unazinyonya kwa mpira kila unapobadilisha maji, basi chini hakuna kitu cha kutisha na njia ya robo robo inafaa. Inampa nafasi bakteria aliyebaki kuongezeka taratibu. Nyonya kila robo kwa mpira mpana ili kokoto zitoke pamoja na maji yake, usizichote kwa mkono.

Ninachokataa ni kuitumia kwenye tangi ambalo chini hapajaguswa kwa miaka. Hapo kila robo ni mtimuo mpya wa sumu, na samaki wanaunywa kila mara. Ingiza kijiti pembeni ya kioo uchokonoe kokoto kidogo tu. Yakitoka mapovu yenye harufu, acha, rudi kwenye njia ya kuwatoa.

---

Mzee wa Magomeni

Vijana, mimi tangi langu ni la zamani, lina lile bamba la plastiki lenye matundu chini ya kokoto, na mirija miwili inayopandisha maji kwa pampu ya hewa. Halina filta nyingine. Nimepanga Jumamosi hii nitoe kokoto niweke mchanga mweupe, wajukuu wameuomba. Nihamishe filta ipi sasa?

---

Mbuna wa Tabata

Shikamoo mzee. Nakuomba sana Jumamosi hii usifanye.

Kwenye mfumo wa bamba, kokoto ndiyo filta yenyewe. Maji yanavutwa kushuka katikati yake, hewa inafika, na bakteria wako wamejaa humo. Ukizitoa zote umetoa filta nzima na tangi linaanza upya siku hiyo likiwa na samaki wakubwa ndani. Na mchanga hauwezi kukaa juu ya bamba: utapita kwenye matundu au utaziba.

Nunua filta mbili za sponji, si ghali, zifunge kwenye pampu ileile ya hewa au nyingine, uziache zikifanya kazi sambamba na bamba kwa wiki sita. Muda huo bakteria watahamia na kuzaana kwenye sponji. Ukitaka kuharakisha, kamulia juu ya sponji mpya maji ya sponji chafu kutoka tangi la mtu ambaye samaki wake hawana ugonjwa. Baada ya hapo ndipo utoe kokoto na bamba. Hata wakati huo, chukua ngumi mbili tatu za kokoto za juu, zitie kwenye soksi nyembamba ya nailoni, zining'inize karibu na sponji kwa mwezi mmoja zaidi.

---

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Hili sikuambiwa na muuzaji. Nasogeza mpaka baada ya mwezi wa mfungo.

---

Fundi Vioo Ilala

Mimi natengeneza matangi, naongeza upande wangu.

Watu wanachota kokoto kwa kijiko cha chuma au bati. Msifanye hivyo. Kona za chini zina silikoni, na ukiikwangua kwa chuma tangi linaanza kuvuja baada ya kujazwa, usiku, sebuleni. Tumieni kizoleo kipya cha plastiki au kipande cha chupa ya maji kilichokatwa.

La pili, msisogeze tangi likiwa na kokoto na maji nusu eti "tupate nafasi ya kufanyia kazi". Lita 200 za maji ni kilo 200, ongeza kioo na mawe. Kioo cha chini kikipinda kidogo tu, gundi inaachia. Kama tangi litatoka juu ya meza, litoke tupu. Likiwa tupu mtumie nafasi hiyo kuangalia silikoni kwa jicho: ikiwa imegeuka ya njano na inanyanyuka kwa ukucha, niiteni mimi au fundi mwingine kabla ya kujaza. Silikoni mpya ya tangi inakaa siku kadhaa ikauke, kwa hiyo pipa la samaki liwe la kuwatosha muda huo. Na isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo inaua samaki.

---

Mbuna wa Tabata

Fundi, hilo la silikoni ya bafuni limenifurahisha kulisoma, wengi hawalijui. Naliunga mkono moja kwa moja.

---

Kijana wa Mbezi Beach

Wakuu, mbona mnahangaika na mchanga wa ujenzi? Mimi niko karibu na bahari, mchanga mweupe mzuri umejaa bure. Nikiuosha chumvi ikatoka shida iko wapi?

---

Mbuna wa Tabata

Shida ziko mbili ndugu yangu.

Ya kwanza ni ya samaki. Mchanga wa fukwe zetu umejaa vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa. Chumvi utaiosha, chokaa haitoki. Itayeyuka kidogo kidogo na kupandisha ugumu wa maji na pH. Chukua mchanga mkavu kijikoni, dondoshea siki nyeupe. Ukichemka mapovu, una chokaa. Fanya jaribio hilo kwa mchanga wowote, hata wa dukani, na kwa kokoto pia, kwani kokoto za Kunduchi ni mawe ya chokaa wakati zile za Lugoba ni mawe magumu ya aina nyingine. Kwa tetra, diskasi na samaki wengine wa maji laini ya Amazoni, mchanga wa chokaa haufai. Na rudia kusoma hesabu ya amonia hapo juu uone pH ikipanda inakupeleka wapi.

Ya pili inanigusa zaidi. Pwani ya Kunduchi imeliwa na bahari kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vinavyolisha fukwe ni moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu. Kuchimba ufukweni na mitoni bila kibali ni kosa. Ndoo yako moja ni ndogo, lakini humu tuko wengi na kila mtu ana ndoo. Nunua mchanga pale wanapouza vifaa vya ujenzi, ndoo chache ni bei ya chini sana.

---

Mkigoma Ubungo

Nikusaidie kuongeza mkuu. Kwa sisi tunaofuga samaki wa kwetu Ziwa Tanganyika, chokaa ni rafiki. Maji ya ziwa lile yana pH ya karibu 9, magumu, kwa hiyo mchanga wenye matumbawe yaliyosagwa unasaidia maji yasishuke. Nina wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus. Hawa mchanga ni nyumba yao, wanachimba usiku na mchana kuzika kombe hadi mdomo ubaki juu. Ukiwawekea kokoto kubwa wanashindwa kuishi maisha yao.

Wakati wa kubadilisha, msitikise makombe kuwatoa. Inua kombe pamoja na maji yake na samaki wake, liweke kwenye beseni mdomo ukiwa juu. Watatoka wenyewe wakitulia.

Ila umesema kweli kuhusu amonia. Kwa pH yetu hakuna nafasi ya mchezo, mimi sikubali kugusa mchanga kabla sijaona kipimo kinasoma sifuri.

---

Mbuna wa Tabata

Shukrani sana. Na mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ni vivyo hivyo, pH 7.7 hadi 8.8, nao huchimba chini ya mawe.

---

Mama Gapi Mbagala

Kaka nimerudi. Nimeingiza kijiti, mapovu yametoka na harufu ipo, kwa hiyo nimewatoa samaki wote kama ulivyosema na mchanga mpya umeshaingia. Sasa maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele na samaki bado wako kwenye beseni na filta. Nisubiri au nirudishe? Na huku umeme unasumbua.

---

Mbuna wa Tabata

Dada, weupe wa siku ya kwanza ni vumbi la mchanga ambalo halikuisha kuoshwa. Kwa samaki si sumu ila lisiwe zito. Hapo ulipo, nyonya nusu ya maji hayo, jaza tena juu ya sahani polepole, weka filta yako ndani na pamba safi kwenye njia ya maji inase vumbi. Ukiona upande wa pili wa tangi kwa uwazi, rudisha gapi wako. Wasilale kwenye beseni bila filta, hilo ndilo la kuepuka.

Weupe ukitokea siku ya tatu au ya nne, kama maziwa, huo ni mlipuko wa bakteria wa kuozesha, na hapo amonia inaweza kuwa imepanda. Punguza chakula kabisa, badilisha robo ya maji, ongeza mapovu. Nitriti ikionekana kwenye kipimo, gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita inapunguza madhara yake, na moli na gapi wanaivumilia vizuri.

Kuhusu umeme: tafuta pampu ya hewa ya betri, ile wanayotumia wavuvi kutunza chambo hai. Ukikatika, hewa kwanza, mengine baadaye. Kama huna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu kila dakika kadhaa. Kwa lita 60 inatosha kuwavusha.

---

Mama Gapi Mbagala

Nimefanya. Jioni hii maji yako wazi, naona hadi ukuta wa nyuma ya tangi. Samaki wamerudi, wanazunguka chini wanapekua mchanga.

---

Kijana wa Mbezi Beach

Nimeelewa kuhusu ufukwe, nitanunua. Swali la mwisho: kokoto za zamani nitupe wapi? Kuna mfereji nyuma ya nyumba.

---

Mbuna wa Tabata

Usitupe kwenye mfereji ndugu. Humo kuna mayai ya konokono na vipande vya mimea ya kigeni, na mifereji yetu inaishia mitoni na baharini. Magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria yalikuwa mmea wa mapambo kabla hayajawa janga, na Kenya wanahangaika na konokono wa kigeni kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea.

Zitandaze kwenye bati au sakafu ya saruji juani hadi zikauke kabisa, uzigeuze mara kwa mara, kwa wiki nzima. Zikikauka, zile zisizo na rangi weka chini ya vyungu vya maua, zinapitisha maji vizuri. Zile za rangi inayobanduka zifungie kwenye mfuko zitoke na taka ngumu. Yale maji meusi ya chini ndiyo mazuri kwa mchicha, mwagia bustanini siku hiyohiyo.